Mafaili ya Pradeep

Jepkorir alizaliwa Kabazi, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichapa kazi za watu katika chumba kimoja mjini Nakuru, ghorofa ya pili: barua za kuomba kazi, wasifu wa marehemu, mikataba ya mashamba. Faili likifunguka limejaa alama zisizoeleweka, mafundi wa kompyuta humwambia mteja, "Peleka kwa Jepkorir."

Ndivyo alivyofika Bhagwanti, Februari mwaka jana, ameifunga flashi kwenye leso. Mumewe, Pradeep, aliyeuza vifaa vya ujenzi, alikuwa amefariki miezi minne kabla. Kwenye kompyuta ya duka aliacha mafaili mia tatu na kumi na mawili.

"Kijana yangu Rohan amefungua, anaona takataka tu," alisema.

Jepkorir akafungua. Alama za dola, mabano, herufi za Kizungu zilizogongana bila mpango.

"Mzee alikuwa anaandika lugha gani, Mama?"

"Kigujarati. Lakini hata kwangu hakusema anaandika."

Jepkorir aliujua ugonjwa huo. Fonti za zamani zilidanganya: ukibonyeza herufi, kompyuta inahifadhi ile ya Kizungu, ila inaivisha sura ya Kigujarati. Fonti ikipotea, sura nayo inapotea. Ilibidi kujua kila alama ilisimamia herufi gani, naye hakujua hata moja. Bahati nzuri, Bhagwanti alikuwa na tangazo la duka kwa Kigujarati, lililochapwa zamani kwenye kompyuta ile ile, na faili lake lilikuwepo. Wakaketi asubuhi nyingi, mmoja na karatasi, mwingine na skrini.

"Hapa kuna dola."

"Hiyo ni ka."

Jepkorir aliandika jedwali, kisha akaiamuru kompyuta ibadilishe moja moja. Wiki ya tatu Kigujarati kilianza kujitokeza.

Hapo ndipo alipoanza kusumbuka. Pradeep alirudia baadhi ya alama mara mbili, kama mtu ambaye kidole chake kinatetemeka, na kadiri mafaili yalivyokuwa mapya ndivyo marudio yalivyozidi. Jepkorir hakuelewa neno lolote, lakini mkono wa yule mzee aliujua sasa. Akifungua mlango asubuhi alihisi kuna mtu ameinuka kwenye kiti sasa hivi tu. Akaanza kuomba kabla ya kuingiza ufunguo. Hakumwambia mtu.

Irabu moja ilikataa kutulia. Katika Kigujarati i fupi husikika baada ya herufi yake, lakini huchorwa kabla yake. Pradeep aliipiga kama inavyoonekana, i kwanza. Kompyuta za sasa zinataka kinyume, kwa hiyo kila i ilirukia herufi isiyo yake. Bhagwanti aliyasoma maneno mengi kwa kukisia. Neno moja tu, lililokuwa mwanzoni mwa kila faili, alilipita.

"Na hili, Mama?"

"Sijui. Imeharibika."

Jepkorir alihangaika siku mbili mpaka akapata kanuni ya kuihamisha kila i nyuma ya herufi inayoifuata. Akachapa faili la kwanza. Bhagwanti alilitazama, akavua miwani.

"Sasa linasomeka?"

"Ilisomeka tangu siku ya kwanza," alisema. "Vidhi."

"Ni nani?"

"Msichana yetu. Homa ilimchukua na miaka sita. Rohan hata hakuwa amezaliwa. Mzee akasema hilo jina lisitajwe kwa nyumba, na mimi nikanyamaza. Miaka thelathini na nane." Akaigusa tarehe juu ya karatasi. "Jumapili. Zote ni Jumapili. Kumbe yeye alikuwa anaongea na mtoto. Na mimi? Mimi nilikuwa naongea na nani?"

Jepkorir alimsogezea maji.

Faili la mwisho liligoma. Lilikuwa na tarehe ya siku mbili kabla ya kifo, na mwishoni palikuwa na i isiyofuatwa na herufi yoyote. Pradeep aliibonyeza, akaishia hapo. Kwenye skrini iliinamia kiduara cha vitone, mahali ambapo herufi ingekaa.

"Ni jina lake alikuwa anaanza?" Jepkorir aliuliza.

"Maneno mengi inaanza hivyo."

"Nifute?"

"Wacha."

Karatasi zilijaa katoni mbili. Rohan alikuja kuzibeba, akashukuru, akakiri kwamba yeye mwenyewe hawezi kusoma Kigujarati. Mama yake humsomea moja kila Jumapili kwa sauti, na mara nyingine husimama katikati akamgombeza marehemu.

Jepkorir alifuta nakala zote kama alivyoahidi. Mwezi wa Juni, akiwa bado anaomba kabla ya kuingiza ufunguo, aliigeuza meza yake ikaangalia mlango. Wateja wakiuliza, husema ni sababu ya mwanga.