Mchicha wa Bondeni

Ukiuza mchicha Kariakoo, kabla ya bei utaulizwa: wa wapi huu? Ukisema wa bondeni, yaani bonde la Msimbazi, mteja anakunja uso na kwenda zake, maana mto ule unabeba uchafu wa mji mzima. Na wetu ulikuwa wa bondeni kweli. Mimi sikuficha, na aliyeniletea dharau nilimpa zake papo hapo.

"Wa bondeni, ila haujagusa tone la mto!" Ndivyo nilivyokuwa nawajibu. Juu ya shamba letu kuna shule. Maji taka yake yanapita kwenye mabwawa, halafu kwenye matete, yakitoka huko hayana rangi wala harufu, na yanapimwa. Mume wangu aliruhusiwa kuyatumia kumwagilia, ndiyo maana kiangazi kile wenzetu walikaa bure na sisi tulivuna.

Kuvuna sawa, anunue nani? Tenga lilikuwa linarudi nyumbani limenyauka. Tegemeo langu likabaki kwa mama mmoja mtu mzima wa Upanga, anayewapikia watu wanaouguza ndugu zao hospitali. Akikubali yeye, tenga zima linaondoka kila siku. Akikataa, na mama ntilie wote wanaomsikiliza wamekataa, na shamba tunaliacha.

"Mwanangu, mimi maneno siyapiki," akaniambia. "Nipeleke nikaone."

Nikampigia simu mume wangu: nakuja na mgeni, weka mambo sawa.

Kule mama alikagua kama anaposewa binti. Alizunguka mabwawa, akayapenya matete, akachota maji kwa kiganja na kunusa. Akanusa tena.

"Haya," akasema. "Maji nimeyakubali. Mchicha wenyewe uko wapi?"

Nilitaka kumkumbatia. Lakini matuta yalikuwa yameshavunwa, na mume wangu haonekani. Nikaita, "Baba watoto!"

"Huku chini!"

Tukateremka. Yarabi toba! Alikuwa amesimama ndani ya Msimbazi, suruali kaikunja mpaka magotini, anasuuza fungu la mwisho. Siku zote tunakung'uta tope tu, basi. Leo tenga lote linachuruzika maji ya mto, na mizizi imetakata, myeupe, vile wanavyoipenda wateja wa sokoni.

"Shikamoo mama, karibu!" akasema, anacheka kwa furaha. "Nimeuosha wote, mgeni asije akabeba tope."

Nilishikwa na hasira na huruma kwa pamoja, nisijue nianze na ipi.

Mama aliutazama mto, akalitazama tenga.

"Marahaba, baba," akaitikia kwa adabu zake zote. Kisha akageuka, akakusanya khanga yake na kuanza kupanda kurudi barabarani.

"Vipi?" mume wangu akaniuliza, fungu bado mkononi. "Hajaupenda?"