Mkaja wa Mwajuma

Zuhura Mukandekezi, fundi cherehani wa Biryogo, hakuwahi kuzaa, lakini hakuna mzazi Kigali nzima aliyemshinda kwa kulalamika. Kaka yake alipofariki mwaka 1964, mjane wake, Nyiransabimana, aliolewa tena Bujumbura akamwachia Zuhura mtoto wa miezi minane, Mwajuma. Tangu hapo ukimuuliza Zuhura hali, alikujibu kwa habari za Mwajuma: Mwajuma amemnyima usingizi, Mwajuma amempandisha presha, Mwajuma hamwachi anywe hata kikombe cha chai kikiwa cha moto.

Mengine yalikuwa kweli. Mtoto yule hakulala mpaka asikie cherehani, kwa hiyo Zuhura alimbeba mgongoni akakanyaga pedali saa nzima bila uzi. Wateja waliisikia mashine inakwenda, wakaridhika kwamba nguo zao zinashughulikiwa. Wachumba wawili aliwakataa, mmoja kwa kuwa hakupenda kelele, wa pili kwa kuwa alitaka mtoto arudishwe kwa mama yake. Hilo la wachumba hakulilalamikia hata siku moja.

Mwajuma alipofikisha miaka ishirini na moja akaposwa. Zuhura alitangaza mtaa mzima kwamba sasa atapumzika.

Siku ya kupokea mahari, upande wa mume ulileta mkaja pia, ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi kukumbuka alivyojifunga tumbo baada ya kujifungua. Zuhura aliutaka mkaja ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hakumwambia mtu. Alikaa tu mbele, mikono mitupu juu ya mapaja, naye si mtu wa kukaa mikono mitupu.

Mzee Maneno, msemaji wa upande wa mke, alikohoa, akasema mila ni mila, mkaja ni wa tumbo lililobeba. Nyiransabimana, aliyefika jana yake kwa basi, akasimama akaupokea kwa mikono miwili. Hakukosea, ndivyo ilivyokuwa desturi. Zuhura aliumia, tena sana, akawa anautazama mkeka.

Mzee Maneno alimwona. Kwa miaka ishirini alikuwa akimwita Mama Mwajuma. Leo, mbele ya wageni, alimwita shangazi. Alisema kama shangazi naye ana dai lake, alitoe sasa wakwe walisikie, maana nani asiyejua mtoto huyu alivyomchosha. Watu wakacheka kidogo.

"Mimi sina kitu ya kuomba," Zuhura akasema. "Nilikuwa nasema ananichokesha. Sikusema mukuje kumuchukua."

Nyuma ya pazia Mwajuma alianza kulia. Zuhura akawaambia wageni watangulie kula, akainuka kwenda kumbembeleza.