Yule Mtu wa Kwenye Tangazo

Vikengele ndivyo huanza. Niko saluni hapa Kasese, kichwa kimejaa povu, mvua za Novemba hazijaisha vizuri, na televisheni ya ukutani inaanza kulia ngiringiringi. Hapo hapo nasikia harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyopashwa moto. Nakunja uso, na msusi wangu anadhani nailalamikia dawa yake ya nywele. Yeye siwezi kumweleza, ana haraka. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka minane, nikiishi kijijini Karambi, mlimani, na mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Mama alikuwa ameolewa tena ng'ambo ya mpaka, Kongo. Baba alikuwa mpagazi wa mlimani, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya wazungu wanaokwenda kuitazama theluji ya Rwenzori. Najua watoto wa kwingine wakiiona theluji kwenye picha hudhani ni mali ya Ulaya. Kwetu theluji ni ya nyumbani. Iko juu kule nyuma ya mawingu, na mawingu yakifunguka hata aliyeshika jembe husimama akatazama. Kwa hiyo msimu wa mvua ulipopita baba hajarudi, kikapita na kiangazi, na mukaka akaniambia, "Baba yako yuko juu, kwenye theluji," niliridhika. Wangu alikuwa mahali panapoonekana, siku ikiwa njema.

Televisheni ya karibu ilikuwa Bwera, dukani kwa Afande. Afande alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, aliyeletwa kulinda mpaka, akaoa hapa, akasahau kuondoka. Aliuza soda na kuchaji simu za watu. Siku za soko, mimi na mukaka tukishauza ndizi zetu, tulikaa barazani kwake kupumzisha miguu kabla ya kuupanda mlima, na ndipo Desemba ile nililiona tangazo.

Mtu anatembea kwenye theluji peke yake. Ana mzigo mgongoni, kofia ya koti imemfunika uso, theluji inamfika magotini. Vikengele vinalia, sijui vimefungwa wapi. Anatembea, anatembea, anafika kwenye nyumba yenye taa, anagonga. Msichana wa rika langu anafungua, na nyuma yake kuna meza iliyojaa chakula. Basi, linakuja tangazo la sabuni.

Lile la theluji lilikuwa linauza nini? Mpaka leo sijui. Afande alisema chokoleti, mukaka alisema majani ya chai. Ndiyo maana hucheka nikisikia watu redioni wakieleza kinachofanya matangazo ya Krismasi yakumbukwe, eti ni wimbo, eti ni rangi nyekundu. Mimi nadhani tangazo hukumbukwa likiacha nafasi ya mtu mmoja, nawe ukamweka wako hapo. Mimi nilimweka wangu siku ya kwanza. Shingo ilikuwa imeinama kushoto kidogo chini ya mzigo, na hivyo ndivyo baba alivyobeba.

"Huyo ni baba yangu!" nikapiga kelele, nikasimama kumwonyesha.

"Toto, toka mbele!" Afande akanguruma. "Wewe hapana kioo!"

Mama Kavira, Mkongomani aliyeuza samaki wa chumvi hapo barazani, ndiye pekee aliyenitazama kwa huruma. "Kumbe! Ule mutu iko na baridi mingi, maskini," akasema. Mukaka alikuwa anafunga shuka lake upya, ingawa halikuwa limefunguka.

Nililiona tangazo lile mara nyingi mwezi ule, na kila mara niliumia mahali pamoja, pale mlangoni. Mlango ule haukuwa wetu. Wetu ulikuwa wa bati, umeshonwa kwa waya. Baba alitembea njia yote ile, halafu akagonga kwa watu wengine, na msichana yule akamfungulia bila hata kushangaa. Nilimchukia msichana yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Tukirudi nilipanda mlima nyuma ya mukaka, kapu tupu kichwani, nikijiambia baba amekosea njia tu. Nikifika nyumbani nilifagia kijia chetu mpaka chini kwenye mibuni, kisionekane vibaya mtu akitazama kutoka juu.

Nilihofia na miguu yake. Viatu vyake vya theluji vilikuwa nyumbani, ndani ya gunia la kahawa, chini ya kitanda cha mukaka. Mzungu mmoja alimpa, viatu vizito vya ngozi vyenye kamba nyekundu. Huku chini kwenye matope ya mlima wapagazi huvaa gambuti, lakini baba alituambia kwamba theluji inapoanza gambuti halisaidii kitu. Kila Desemba mukaka aliyeyusha mafuta ya ng'ombe na kuvipaka taratibu, ngozi isipasuke. Nilimuuliza baba amevaa nini huko juu. "Wenzake watakuwa wamemwazima," akasema, akaendelea kupaka.

Mkesha wa Krismasi tulishuka tena. Saa kumi hivi vikengele vikalia, na mara hii tangazo lilikuwa refu. Mlango ulipofunguka, yule mtu aliingia, akaweka mzigo chini, akageuka, akavua kofia. Alikuwa mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe na mashavu mekundu.

Duka zima liliangua kicheko, kwani mwezi mzima nilikuwa nimewatangazia. "Eeh! Kumbe baba yako ni muzungu!" Afande akasema. "Toto, iko wapi pasipoti?" Sikuweza hata kulia. Nilitazama sakafu nikatamani nyumbani, na nyumbani penyewe hapakuwa na mtu.

Mukaka akasimama. Mimi na yeye tulizungumza Lhukonzo siku zote, lakini hapo alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Munacheka nini? Watu ya mizigo hawatembeangi mmoja. Huyu iko wa mbele. Baba yake iko nyuma, anakuja."

Kicheko kikafa. Afande alikuwa amebeba mizigo miaka mingi jeshini. Akakuna kidevu. "Kweli, mama," akasema polepole. "Kwa mstari, lazima kuko wa nyuma."

Krismasi tulikula sisi wawili, kuku na obundu, ugali wetu wa muhogo, mlango ukiwa wazi mpaka baridi ikaingia. Hakuja. Sikuona ajabu, kwa kuwa wa nyuma huchelewa.

Nilipoletwa shule ya sekondari Kasese nilimwona. Alikuwa kwenye karakana ya seremala kando ya barabara, shati wazi, jasho linamtiririka, shingo imeinama kushoto juu ya ubao. Mwanamke alimletea chai, na watoto wawili walicheza kwenye maranda. Alikuwa hapo tangu nikiwa na miaka saba. Kutoka hapo mpaka Karambi ni safari isiyojaza asubuhi moja, na kulikuwa na magari kila siku.

"Biira? Umekuwa mkubwa," akasema, akaninunulia soda. Nikamwambia viatu vyake bado vipo.

"Viatu gani?" akauliza.

Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa jambo ambalo mtoto wa miaka minane, pamoja na ujanja wake wote, hakuliona. Hakuna anayekwenda kwenye theluji akaacha viatu vyake chini ya kitanda cha mama yake.

Desemba nilipanda Karambi nimejaa hasira, nimepanga maneno. Nilimkuta mukaka mekoni, sufuria ya mafuta motoni, kiatu kimoja mapajani. Alinitazama usoni kwa muda.

"Kasese bado kuna joto?" akauliza.

"Kali sana, mukaka."

"Basi ndiyo maana hajavifuata," akasema.

Nilikaa chini, nikachukua kitambaa na kiatu cha pili, nikaanza kupaka.

Mukaka tulishamzika, na viatu viko kwangu. Hapa saluni vikengele vinalia tena, na mtu mwingine anapita kwenye theluji nyingine, akiuza kitu ambacho sitakikumbuka. Wanawake wenzangu wanamtazama yeye. Mimi natazama nyuma yake.