Pipa Lililotoka Sisilia

Theluji imetufungia ndani hapa Fridley, ughaibuni. Nimefungua chupa ya divai ya Sisilia niliyopewa kazini, na harufu yake imenirudisha ndani ya pipa la misheni, Dodoma.

Mama alifanya kazi pale. Mlango wa pipa ulikuwa mdogo, unanipitisha mimi tu, basi niliingia na brashi kukwangua ukoko mwekundu. Hewa ilikuwa chachu, inachoma macho. Padri, mzee kutoka Sisilia, alikaa nje akiniuliza maswali, maana mtu akinyamaza humo ndani huenda amezimia.

"Nani walileta mizabibu kwetu Sisilia?"

"Wagiriki, Padri."

"Na malimau?"

"Waarabu, Padri."

Msimu mmoja nilikuwa nimekua bila mtu kuona. Kuingia niliingia kwa shida. Wakati wa kutoka, mabega yakanasa.

"Padri, lipasue," mama alisema.

"Pipa hili limetoka nyumbani kwetu, mama. Atatoka tu." Akainama mlangoni. "Haya, nani walileta mizabibu?"

Jibu nililijua. Nilirudi nyuma gizani, nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Aliuliza tena, kisha akaniita kwa jina. Nilitulia hivyo hivyo mpaka aliposema, "Leteni shoka."