Ngitili Waliyopewa Wenye Ndege

Jumanne, 14 Septemba 1993. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, hakuna wingu hata la kudanganya.

Leo injinia amerudi. Nijaribu kuandika kwa haki, ingawa nimeishia darasa la saba na hasira ninayo.

Mwaka juzi alikuja hapa Dutwa na wenzake wakitafuta mahali tambarare. Walikuwa wanaunda ndege ndogo ya injini mbili, ya kufundishia marubani, wakataka kuijaribu kwenye joto letu. Baba akawapa ngitili yake, yale malisho tunayoyafunga mpaka kiangazi. Injinia akamweleza kwamba mwanafunzi huzimiwa injini moja makusudi, ajifunze kurudi na iliyobaki.

"Hata kwenye plau," baba akasema, "maksai mmoja akilala, mwingine anakuzungusha."

"Ndicho kinachotutesa, mzee," injinia akacheka. "Inavuta upande. Kila siku tunabadilisha mkia."

Ndege ilikuja, ikaruka, ikatua ikipepesuka. Wakaenda kuirekebisha, wasionekane tena. Majani yakaota, yakafika kiunoni.

Kiangazi hiki ng'ombe wakaanza kudhoofu. Nikamwambia baba tufungue ngitili. Akakataa.

"Niliwapa kwa mdomo, wanirudishie kwa mdomo. Au unataka niitwe mwizi?"

Majirani wakamcheka: "Mzee siku hizi anafuga ndege." Mimi sikujua mjinga ni nani. Labda mimi, niliyekuwa na mikono ya kufungua na sikufungua.

Leo asubuhi ng'ombe wetu wa maziwa, aliyebaki peke yake kukamuliwa, hakuinuka. Mchana injinia akafika kwa baiskeli ya kukodi, kavaa kandambili. Akatueleza kwamba serikali iliyokuwa inawalipa imejitoa, karakana yao imeuzwa, aliyeinunua anaweka magodoro. Ndege wameikatakata, wameuza chuma chakavu.

"Nimekuja kukurudishia eneo lako, mzee. Nisamehe, nimechelewa."

Baba akauliza, "Mkia ulipona?"

"Ulikuwa umepona, mzee."

Nilitaka kumtukana. Lakini hakutumwa na mtu, kazi hana, na nauli katoa mwenyewe. Wale waliouza hawakuja. Baba akaondoa miiba langoni, ng'ombe wakaingia kwenye majani, isipokuwa yule. Tukamchinja kabla hajafa.

Jioni tumekula ugali wa mtama na nyama yake, ngumu, haina mafuta hata ya kupaka mdomo. Injinia alikula nasi, kidogo. Watoto waliulizia maziwa.