Simba Watano Wenye Vipara

Nyasura, pale mjini Bunda, yuko fundi cherehani aitwaye Gati Werema, mwanamke mcheshi ambaye akikupima kiuno atakutania mpaka usahau kuuliza bei. Hakujaliwa mtoto, na mumewe alitangulia mbele ya haki zamani. Majirani walimwonea huruma kwa hilo, naye aliwaonea huruma wao kwa kukosa kazi za kufanya. Yeye alikuwa na sarafu zake.

Wala hazikuwa sarafu nzuri. Hizo aliwaachia akina Baltazari, mzee mstaafu wa bandarini Musoma, ambaye zake zilikuwa zinang'aa na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Gati alipenda zilizochoka, zile zilizopita mikononi, mifukoni na kwenye mafundo ya kanga mpaka sura ikafutika na maandishi yakalala. Aliziita vipara. Baltazari alimcheka hadi siku aliyokuta kwenye simu yake kwamba huko duniani wako watu wanaoshindana kwa uchakavu. Kwao sarafu ya daraja la chini kabisa ndiyo bibi harusi. Iliyochakaa nusu nusu iko kila mahali, lakini iliyochakaa mpaka mwisho hutafutwa kwa tochi, na wanailipia mara kadhaa zaidi. Ila masharti yapo. Ichakazwe na maisha, isiwe ya kusuguliwa kwa tupa, na mwaka wake usomeke. Mwaka ukishapotea, hiyo ni chuma tu kama bati la paa.

Tangu siku hiyo mzee aliacha kucheka, akawa anampigia Gati picha za vipara vyake na kuzirusha kwenye kundi la wakusanyaji.

Kiu kubwa ya Gati ilikuwa shilingi za simba, zile za mkoloni za kuanzia mwaka 1921 hadi 1925. Kwenye shilingi nzima simba amesimama mbele ya milima, kifua mbele. Kwenye za Gati alibaki kivuli cha simba, na kivuli chenyewe unakiona ukishaambiwa kipo. Alikuwa nazo nne. Alizichongea kibao chenye vitundu vitano, na kile cha tano, cha mwaka 1925, kilikaa wazi kikimkodolea macho kila alipoketi kushona. Aliitaka hiyo shilingi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha kununuliwa.

Mteja mmoja, aliyekuja kupunguza suruali, ndiye aliyemwambia kwamba Butiama kuna bibi anaitwa Yunis mwenye shilingi laini kama kokwa ya ukwaju. Gati aliiacha suruali kwenye cherehani na kwenda.

Alimkuta Bibi Yunis anaanika mtama. Shilingi ilikuwa shingoni mwake, ndani ya kifuko cha ngozi. Gati aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza juani, na mwaka ukajitokeza: elfu moja mia tisa ishirini na tano, ile tano ikionekana kwa kuibembeleza. Akaanza kutaja bei, na kila alipopandisha, bibi alitikisa kichwa.

"Hii nilipewaga na mama mkwe wangu," alisema Bibi Yunis. "Ni ya vichwa vya watoto. Hao wazee unaowaona hapa na mvi zao, nilikuwaga nawakandamiza wote."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa kilima kile akianguka na kuota nundu kwenye paji la uso, alikimbizwa kwa Yunis. Naye aliibandika shilingi juu ya uvimbe, akaikandamiza kwa kidole gumba huku akimpigia mtoto soga, mpaka nundu ikanywea na kilio kikaisha. Yule simba aliliwa na mapaji ya watoto.

Sasa angalia binadamu alivyo. Gati huyu huyu, aliyejua kuliko wote thamani ya kitu kilichochakaa, alirudi Bunda akiwaza kwamba bibi wa watu bila shaka angefurahia kipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Akamshonea Baltazari suti ya vipande vitatu kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na malipo yake yakawa shilingi ya 1925 iliyokuwa fahari ya mzee, simba akiwa na manyoya na kucha zote. Akarudi nayo Butiama akitembea kama anayepeleka mahari.

Bibi Yunis aliipenda kweli. Aliitazama, akacheka, akamwita jirani aione. Ikatokea mchana huo huo mjukuu wa jirani akajigonga kwenye nguzo ya zizi. Bibi akaona bora aijaribu dawa mpya. Akaibandika, akaikandamiza, na mtoto akapiga yowe la kuamsha ng'ombe. Shilingi ilipoondolewa, nundu ilikuwa pale pale, na juu yake simba mzima amechapwa, mkia hadi masharubu. Watoto wengine walipomwona walianguka kwa kicheko, kisha wakapanga mstari wakitaka na wao wachapwe simba.

"Yako ina meno, mwanangu," alisema bibi, akiirudisha.

Gati alitamani ardhi immeze, lakini hata yeye alikuwa anacheka. Mtoto bado alilia, na mkono wa bibi, aliouinua sasa na ile shilingi ya zamani, ulikuwa unatetemeka kwa uzee. Bila kufikiri Gati aliichukua. Akampakata mtoto, akaikandamiza kwa kidole gumba kilichozoea kusukuma sindano kwenye suruali za jinzi, akamuuliza kama huyo simba wake ameshanyweshwa maziwa. Mtoto akasahau kulia ili amjibu. Gati alisikia joto la lile paji dogo likipenya kwenye chuma, na hakutaka kuinua kidole.

Bibi Yunis alimwangalia muda mrefu. Kisha akavua kile kifuko shingoni.

"Huku siku hizi wanakuja wachache, na mkono wangu umechoka. Kwenu kuna mashule na viwanja vya mpira, vichwa vinagongwa kila siku. Ichukue. Lakini siyo ya kufungia. Siku ukiifungia, unirudishie."

Gati aliapa. Alilia kidogo pia, na hakuona aibu.

Akafika Nyasura, akampachika simba wa tano kwenye kitundu chake. Kwa siku chache alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani Mara, na nundu za mtaa zilipita mlangoni pake bila yeye kuziona.

Baltazari alikuja kutoka Musoma kupiga picha ya wote watano na kuirusha kundini. Hakumaliza hata chai, jibu likaingia. Mnunuzi wa mbali aliwataka wote pamoja, kwa bei ya kununua cherehani ya umeme na kuezeka nyumba upya, mradi ile tano iendelee kusomeka. Mzee alikuwa bado anarudia bei hiyo kwa sauti pale Tabitha, mtoto wa jirani, alipoletwa akilia, na nundu kwenye paji kama yai la kware.

Gati aliangalia kibao. Halafu akamng'oa simba wa tano.

"Tumia mmoja wa wale wengine," Baltazari alimsihi. "Hiyo tano imebaki uzi tu, dada Gati. Chovya chovya humaliza buyu la asali."

"Niliahidi hii, kaka Balta."

Akamweka Tabitha mapajani na kuanza kumsimulia uongo kuhusu mbuzi aliyeshona suti. Nundu ikanywea. Kesho yake Tabitha akaja na rafiki yake aliyeanguka kwenye baiskeli, na baada ya hapo Nyasura nzima ikajua njia. Walikuja wa nundu, wakaja wa kusingizia nundu, wakaja wasio na chochote, wakakaa chini ya meza ya kukatia wakicheza na vipande vya vitambaa. Mnunuzi alingoja, akauliza, akanyamaza.

Kiangazi kilipokwisha Baltazari alipita tena. Aliiomba ile shilingi, akatoa miwani ya kukuzia, akaigeuza shilingi dirishani hivi na hivi. Akaifuta miwani, akaangalia tena, kwa maana alimpenda Gati kama dada yake.

"Tano imekwenda," alisema mwishowe. "Hakuna mwaka tena. Sasa ni chuma tu."

Gati alinyoosha mkono, akaichukua, akaifuta kwa upindo wa gauni, mtoto mwingine akiwa amesimama mlangoni ameshika paji.

"Basi sogea kidogo kwenye benchi, kaka Balta," alisema, "huyu mtoto apate pa kukaa."