Aliyesema Kaa

Juzi nilimkuta binti yangu amekaa kwenye tope nyuma ya nyumba, ametulia mno, anatazama chini. Harufu ya mikoko ya Mtoni ikanirudia puani.

Nilikuwa mtoto bado, nimetoka Mbeya karibuni. Mama mdogo, aliyenipokea kwake Temeke, alinichukua tukaokote kuni huko mikokoni. Tope lilinuka mayai viza. Upande wa Kurasini, bandarini, makontena yaligongana, kisha kukawa kimya. Mama mdogo alitangulia, nami nikawa namtafuta kwa macho katikati ya mizizi. Ndipo sauti ya mwanamke ikasema taratibu, karibu kabisa na sikio langu, "Kaa."

Nikakaa. Nililelewa hivyo, mkubwa akisema kaa, unakaa.

Nilipoacha kumtafuta na kutazama chini, tope likaanza kutembea. Vidole vyekundu vilichomoza kila mahali, vikapanda na kushuka, vyote vikiniita. Nilidhani ni watu waliozikwa humo, nikawatazama hadi maji yakanifika kiunoni na mama mdogo akaja kuninyanyua.

"Mbona umekaa na maji yanajaa?"

"Si umesema kaa?"

"Mie? Nilikuwa ng'ambo kule, nakuita uje."

Siku hizi najua wale wekundu ndio kaa wenyewe, na vile vidole ni magando yao. Nilishajiambia kuna mpita njia alinitajia jina lao tu.

Juzi nilimuuliza binti yangu kwa nini amekaa kwenye tope.

"Si umesema kaa, mama?"

Nilikuwa ndani. Sikuwa nimesema neno.